Mkwe Aliyefupishwa na Simu

Kabla Ignatius Osiako hajakwambia kwamba trekta imekwama, atakuuliza umelalaje. Ukisema umelala salama, atauliza kama watoto wamelala, kama ng'ombe amelala, na kama yule shangazi yako aliyevunjika mguu siku hizi anaweza kwenda kanisani bila kushikwa mkono. Hapo ndipo atakohoa, akusimulie mvua ilivyopiga upande wa kwao, na mwishowe, ukiwa umeshasahau kwamba uko kazini, atakwambia kwamba trekta imelala kwenye mtaro na miwa yote imemwagika barabarani.

Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsikiliza. Naitwa Mitchel, karani wa kampuni ndogo ya kukata na kusafirisha miwa, yenye ofisi mjini Kakamega juu ya duka la vyakula vya kuku. Ignatius ni msimamizi wa wakataji wetu upande wa Ikolomani. Yeye yuko shambani, mimi niko mezani, na kati yetu kuna simu. Hapigi, maana mtandao wa huko unakatika ovyo, kwa hiyo anarekodi na kutuma. Mimi nilisomea kazi za ofisi pale chuo cha Sigalagala, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kumsikiliza mtu mmoja kwa muda wa kuivisha maharagwe ili nijue lori liende wapi.

Halafu kuna hiyo sauti yenyewe. Ujana wake Ignatius aliumalizia kwenye viwanja vya kupiganisha mafahali huko Malinya, akiwa mtu wa kusimama mbele ya fahali na kumsifu mpaka fahali aamini kila neno. Siku hizi ana mvi, ana mke na binti mkubwa, lakini kazi ile ilimwachia koo lisilojua kunong'ona. Nilikuwa naweka simu mbali, upande wa pili wa meza, na bado wateja wa chini dukani walikuwa wakijibu salamu zake.

Basi meneja wetu, Kemunto, alipotuletea ile programu iitwayo Nakshi, niliipokea kwa mikono miwili. Kemunto alikuwa amehamia kwetu kutoka Kisii mwanzoni mwa mwaka. Ni mwanamke kijana, mchapakazi, wa maneno ya kuhesabu, na asubuhi akiingia ofisini husema "Sawa" na kuketi. Alitukusanya akatueleza. Unarekodi ujumbe wako kama kawaida, Nakshi inauchukua na kuupamba. Inaondoa ngurumo ya trekta na upepo, inatuliza sauti, inaandika maneno chini yake, kisha inabandika alama za hisia na za haraka. Ule ujumbe wa asili haupotei, unabaki umehifadhiwa kwenye simu ya meneja. Na kuna vitufe viwili. Kamili hutuma kila ulichosema. Fupi hutupa yote yasiyo ya kazi na kubakiza kiini.

"Fupi ni ya huku ofisini," Kemunto alisema. "Ukimtumia mtu mwingine yeyote, mkulima, mkataji, mzee, tumia Kamili. Tumeelewana?"

Sote tulisema tumeelewana. Ignatius ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa ya Kamili. Ignatius alirekodi ujumbe wa kumpongeza Were, dereva wetu wa trekta, kwa kupita kwenye matope bila kukwama. Alimsifu jinsi alivyokuwa akiwasifu mafahali wake. Nakshi ilisikiliza koo lile, ikabandika alama nyekundu: Hisia: hasira kali. Haraka: ndiyo. Were, ambaye husoma alama na hasikilizi maneno, aliacha trekta ikinguruma akaenda kujificha ndani ya miwa mpaka jioni.

Ndipo Ignatius akaonja Fupi. Alikuja ofisini, akarekodi mbele yangu, akabonyeza, kisha akajisikiliza. Sauti iliyotoka ilikuwa yake lakini ilikuwa imeoga. Ilikuwa nzito, tulivu, haina kikohozi wala trekta, kama ya msomaji wa habari aliyekula akashiba. "Malori mawili yaende Shamba la Juu saa nne." Basi. Alirudia kuisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mitchel," akaniambia, "huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na miaka hii yote nilikuwa nimefichwa wapi?"

Kuanzia siku hiyo mtu wetu alilewa sauti yake mwenyewe. Alianza kuvaa koti. Nami nilimshangilia, kwa sababu kazi niliyokuwa nikiimaliza jioni sasa niliimaliza kabla ya chai. Sikusema neno hata nilipogundua kwamba anatumia Fupi kwa kila mtu, hadi nyumbani. Mkewe, Muhonja, anauza mboga sokoni na hupita ofisini kwetu kupumzisha miguu. Siku moja alinionyesha simu yake. Mumewe alikuwa amemtumia ujumbe: "Jioni. Kuku. Saa moja."

"Huyu bwana wa ndani ya simu ana sauti nzuri sana," Muhonja alisema. "Angekuja zile siku za zamani ningeolewa na yeye. Lakini huyu wa nyumbani hunisalimianga. Huyu ananiitisha ingokho, kuku mzima, kama mtu amekaa kwa hoteli."

"Ulimpikia?"

"Nilimpikia obusuma, ugali tu, na kunde. Nikamwambia kuku alisikia ile sauti, akadhani ni polisi, akaenda."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Muhonja alikuwa mwepesi wa kucheka siku hizo.

Sasa, babake Muhonja ni Mzee Lazarus wa Malinya. Ni mjane, ana nyumba safi ya mabati, ng'ombe wawili na shamba la miwa lililoko nyuma ya nyumba. Miwa hiyo aliipeleka kwa kampuni yetu kwa sababu ya mkwe wake tu. Nayo ilikuwa imekomaa tangu Pasaka na hakuna aliyeikata, kwa sababu wakataji wa upande ule walikuwa wamehamia kwenye mashimo ya dhahabu. Ukiwaita kumi, wanakuja watatu, na watatu hao wana udongo masikioni na mawazo yao yako shimoni. Mzee alikuwa ameuliza kwa upole mara kwa mara. Ignatius akaona ni vizuri amtumie ujumbe wa kumtuliza. Alirekodi, akabonyeza, akaenda zake.

Kilichomfikia mzee ni hiki: "Miwa yako haitakatwa mwezi huu. Utajulishwa."

Kwetu sisi, mkwe hazungumzi na baba wa mke wake namna hiyo. Mkwe akifika kwenye boma la wakweze husimama mbali, hushusha macho, na salamu peke yake inaweza kumaliza kikombe cha chai. Mzee Lazarus aliusikiliza ujumbe ule akiwa chini ya paa lake, peke yake. Kisha akampigia binti yake.

"Mwambie huyo mtu wa redio," akasema, "asikanyage kwangu mpaka hiyo miwa ikatwe. Na wewe ubaki na yeye huko. Sitaki mtu."

Muhonja hakucheka tena. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa akienda Malinya kumfulia babake, kumpikia, na kugombana naye kuhusu kofia moja iliyooza ambayo mzee hataki itupwe. Sasa Jumapili zilipita akiwa ameketi mlangoni kwake na nguo zake za kanisa, hajui aende wapi. Alipopita ofisini aliniambia tu kwamba baba ana nyonga mbaya, na kwamba nani sasa atamwinamia kuchota maji. Ilinikera, na sikujua ninamkasirikia nani.

Ignatius naye alikonda ndani ya lile koti. Aliamini kwamba mzee amekasirikia miwa, na kwamba miwa ikianguka mambo yote yatanyooka. Alimwendea Kemunto akamwomba trekta kwa siku moja, Ijumaa. Kemunto alimtazama, akasema, "Trekta utapata. Watu utawatoa wapi?"

"Watu niachie mimi," Ignatius akasema.

Alhamisi alasiri alirekodi ujumbe kwa kundi la wakataji wote, waliopo na waliotorokea dhahabu. Alirekodia nje, karibu na steji ya matatu, akipunga mkono hewani, nami nilimwona dirishani akizungumza kwa muda mrefu sana. Kisha akabonyeza Fupi. Bado alikuwa anaipenda ile sauti, na alidhani watu watamtii zaidi yule bwana aliyeshiba kuliko yeye.

Ujumbe uliowafikia ulisema hivi: "Ijumaa asubuhi na mapema, watu wote wafike nyumbani kwa Mzee Lazarus, Malinya. Njooni na panga. Asikose mtu." Chini yake Nakshi iliandika: Hisia: utulivu, uzito. Haraka: ndiyo.

Mtu wa kwingine angesikia hapo habari ya kazi. Lakini huku kwetu hakuna anayetangaziwa kifo kwenye simu. Unaambiwa tu ufike nyumbani. Kadiri ujumbe ulivyo mfupi ndivyo habari ilivyo mbaya, na ukikosa hata salamu, basi anza kutafuta leso. Na hapa alikuwa Ignatius, Ignatius yule wa kuuliza habari za ng'ombe, anasema maneno machache kwa sauti ya chini bila hata mulembe, salamu yetu. Halafu hilo la panga. Mkataji wa miwa haambiwi aje na panga, kwa kuwa ndiyo mkono wake wa tatu. Ukiona anaambiwa aje nayo, ni ya kufyeka uwanja, kukata nguzo za kibanda na kupasua kuni za matanga. Wakataji walisikilizishana ujumbe ule shimo hadi shimo, wakavua kofia.

Wala hakuna aliyempigia Ignatius kuuliza. Ungemuulizaje mtu, kwamba eti kweli baba mkwe wako amekufa? Huo si ustaarabu. Mzee mwenyewe naye nani angempigia?

Ijumaa asubuhi Kemunto alinichukua kwenye pikapu ya kampuni tukaone hiyo kazi. Tulimkuta Ignatius kwenye njia panda ya Malinya, amesimama kando ya trekta pamoja na Were, anatazama barabarani kwa wasiwasi. Alikuwa amefika kabla ya jua kuchomoza na hajaona mkataji hata mmoja, kwa sababu wote walikuwa wamepitia njia za mashambani, na amri ya mzee ilimzuia kwenda kuangalia. Ndipo tukasikia ngoma. Isukuti, zikilia kutoka upande wa kwa Mzee Lazarus. Kisha akapita mtu mmoja aitwaye Isaiah akiongoza fahali wake wa mapigano, amefungwa majani kwenye pembe, kama wanavyopelekwa mafahali kumuaga mtu mzima.

"Isaiah," Ignatius akaita, "kuna nini huko?"

Isaiah alisimamisha fahali. Akaja, akamshika Ignatius mkono kwa mikono miwili. "Pole mkwe wetu," akasema. "Umejikaza sana. Mimi ningekuwa nimelala chini."

"Kwani ni nani?"

Isaiah alimtazama kwa huruma ya mtu anayeona mwenzake amechanganyikiwa na msiba. "Mzee wako," akasema. "Lazarus."

Nataka niseme hili wazi, kwa sababu watu wanalisimulia vibaya. Ignatius hakufikiri hata nukta moja kwamba ni ujumbe wake. Alijua tu kwamba ameambiwa baba mkwe amekufa, na ngoma zinalia, na fahali amepita. Aliiacha trekta, akavua lile koti akaliangusha barabarani, akaenda mbio huku analia. Na alilia kwa koo lake la zamani, lile la viwanjani, hata ng'ombe wa malishoni wakainua vichwa. Sisi tulimfuata na pikapu, mimi nimeshika mdomo, Kemunto ameshika usukani.

Boma lilikuwa limejaa. Sijawahi kuona wakataji wengi namna hiyo mahali pamoja. Walikuwepo watatu wa kila siku, na walikuwepo wote wa dhahabu, wamenawa. Uwanja ulikuwa umefyekwa, nguzo za kibanda zimesimama, mama fulani ameshateka jiko na sufuria ya chai inachemka. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeugusa, kwa kuwa wote walikuwa wanamngojea mkwe aje na maelekezo kutoka hospitali. Kibarazani alikuwa Muhonja. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemfuata alfajiri na unga na sukari, wakamkumbatia, na kabla hawajasema lolote alikuwa ameshaelewa. Mumewe alikuwa ameondoka gizani bila kunywa chai, naye Muhonja akaona ndiyo sababu. Alipanda boda akaja. Alikuwa ameketi chini, ameikumbatia ile kofia iliyooza, aliyoikuta imeanikwa kwenye ua.

Ignatius alifika langoni akasimama. Hata katika kilio alikumbuka amekatazwa. Akashika mlingoti wa lango, akalilia hapo hapo.

Wakati huo boda boda ilisimama nyuma yetu. Akashuka mzee mrefu, mwembamba, anachechemea kidogo, amebeba mfuko wa unga uliotoka kusagwa posho mili. Akatazama ule umati, akatazama kibanda, akatazama fahali anayekula maharagwe yaliyopandwa kando ya choo. Mimi nilikuwa karibu naye.

"Binti," akaniuliza, "hapa kwangu... hapa kuna nini?"

Sikulisikia vizuri lile neno "kwangu", na hata ningelisikia, nilikuwa nalia. Sikuwa nimewahi kumwona Mzee Lazarus. "Kuna matanga, mzee," nikamwambia. "Mwenye boma ameaga."

Akauweka mfuko wa unga chini polepole.

"Aliugua?"

"Sijui, mzee. Nasikia nyonga."

"Nyonga inauanga mtu?"

"Labda iliingia ndani."

Akatikisa kichwa. "Alikuwa mtu wa aina gani, huyu?"

"Msikilize mkwe wake pale," nikasema. "Ndiye anayeeleza."

Tukamsikiliza. Ignatius alikuwa amefumba macho, machozi yanaingia kwenye masharubu. "Baba," alisema, "wewe ulinipea mke na mimi sikuwa na kitu, nilikuwa na sauti peke yake. Watu walikuambianga huyu ni kelele, huyu atalisha mtoto wako kelele. Wewe ulisema acha, mwenye kelele haibi. Ulinifundisha kushika jembe kwa upole. Nimekuja hapa kila mwaka unaniuliza mimi nimelalaje, wewe mkubwa, unaniuliza mimi mdogo. Baba, umeenda na miwa yako imesimama. Umeenda na sijakusalimia."

Yule mzee alisikiliza ameegemea fimbo, midomo imebana. Nadhani angeendelea kusikiliza mpaka jioni, nami simlaumu, ni wangapi wanaopata nafasi hiyo. Lakini pale kibarazani Muhonja aliinua uso akasema, si kwa nguvu, "Baba, Jumapili sikukuja."

Mzee aliacha fimbo na unga akaenda. Alipita katikati ya umati akichechemea, watu wakimpisha bila kumtazama, mpaka mmoja akamtazama. Huyo mmoja akaangusha ngoma. Isaiah aliachia kamba ya fahali. Mama wa chai alisema jina la Yesu na kukaa chini karibu na jiko, na wachimba dhahabu wawili wakaruka ua wa majirani. Mzee hakujali. Aliinama kwa ile nyonga yake mbaya, akamshika binti yake mabega.

"Muhonja," akasema. "Hiyo kofia ni yangu. Leta."

Sitaeleza kilio cha wakati ule, maana mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake. Muhonja alimpiga babake ngumi kifuani kisha akamshika asimwachie. Ignatius alibaki langoni mdomo wazi, ameshika mlingoti.

Kisha watu wakaanza kuulizana ni nani aliyesema mzee amekufa, na kila mmoja akamgeukia mwenzake, mpaka mkataji mmoja akatoa simu akaucheza ule ujumbe. Mzee Lazarus aliusikiliza akiwa ameketi kwenye kiti walichomletea.

"Rudia," akasema. Ukarudiwa. "Huyu anasema nimekufa. Hata mimi nikisikia hii nitajililia."

Watu wakacheka, lakini macho ya mzee yalikuwa langoni kwa Ignatius na hayakucheka. Ndipo Kemunto alipojitokeza. Viatu vyake vya ofisi vilikuwa vimejaa matope. Alitoa simu yake, akainama mbele ya mzee kwa adabu. "Mzee," akasema, "huo umekatwa. Huu hapa ndio aliosema." Akabonyeza Kamili.

Sauti ya Ignatius ikajaa boma zima, pamoja na kelele za steji. "Mulembe vijana wangu. Mmelalaje. Wale wa dhahabu, mmeamka salama huko chini, watoto wanakula? Sasa Ijumaa asubuhi na mapema tuko nyumbani kwa Mzee Lazarus, Malinya, ile shughuli mmenikwepa nayo tangu Pasaka. Miwa yake imetoa maua mpaka nyuki wanaiita bustani. Kuja na panga zimenolewa, si zile za kubembeleza. Were, wewe kuja na trekta na usijifiche. Na nawaambia ukweli, huyo mzee ni baba yangu, sina mwingine. Nimekaa bila kufika kwake na chakula hakishuki. Mke wangu hachekangi tena. Asikose mtu, nawaomba."

Mzee alimwashiria Kemunto kwa kidole. "Na ile yangu? Ile ya kuniambia nitajulishwa?"

Kemunto aliutafuta ujumbe huo. Ulikuwa mrefu kuliko ule mwingine. Ignatius alikuwa ameanza na salamu, akauliza nyonga, akauliza ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, akaeleza ndoto aliyoota ambamo mzee alikuwa anampa ndizi, akaomba msamaha kwa miwa mara nyingi hata mwenyewe akapotea njia, na mwisho akasema ataleta dawa ya kuchua Jumapili. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeombewa. Ulipoisha alivaa ile kofia.

"Haya yote uliniambia?" akauliza kuelekea langoni.

"Nilisema, baba."

"Na yalienda wapi?"

Ignatius alifikiri. "Nilibonyeza, baba," akasema. "Madam alikataza, nikabonyeza. Niliipenda hiyo sauti."

"Hiyo sauti ni mbaya," Mzee Lazarus akasema. "Ni ya mtu hana watu." Akasimama. "Miwa kuchelewa si kitu. Miwa imekuwa ikichelewa tangu nizaliwe. Ingia ndani ya boma."

"Ulisema mpaka ikatwe, baba."

"Basi nyinyi mko hapa na panga. Mnangoja nife tena?"

Na hivyo ndivyo shamba la Mzee Lazarus lilivyokatwa kwa siku moja, na waombolezaji. Ngoma hazikunyamaza, kwani wapigaji walikuwa wameshakuja na hawakutaka kurudi bure. Chai ya matanga ilinywewa. Fahali wa Isaiah alimaliza maharagwe akahamia kwenye vilele vya miwa. Were alivuta mzigo hadi barabarani bila kukwama, na Ignatius akamsifu kwa koo lote, naye Were hakukimbia. Kila mua ulipoanguka Ignatius alisogea hatua, mpaka wa mwisho ulipolala akajikuta amesimama nyuma ya nyumba, ndani ya boma, jasho linamtiririka, Muhonja anamcheka kutoka jikoni.

Tulipoaga, mzee alituzuia. Alimkalisha Ignatius mbele yake, mbali kama inavyopasa. "Yale ulisema langoni," akasema, "sikuyasikia yote. Yule binti wako wa ofisi alikuwa ananieleza habari ya nyonga. Anza upya."

"Baba, hayo ni ya mtu amekufa."

"Mimi niko hai na nina nafasi. Salimia kwanza."

Ignatius akashusha macho, akakohoa, akaanza na mulembe. Muhonja alileta ingokho, akaketi kusikiliza. Kemunto aliniomba nirekodi, nikaweka simu yake juu ya mfuko wa unga. Ignatius alisalimia mpaka vivuli vikarefuka, na mzee alijibu kila salamu mahali pake, na sikuwaona wakiharakisha hata kidogo.

Tukiwa kwenye pikapu, tunarudi mjini, simu ya Kemunto ililia ndani ya mkoba. Aliegesha kando ya barabara akaitazama, kisha akanipa nisome. Nakshi ilikuwa imemaliza kuyapamba yale yote kwa Fupi, kama ilivyozoea simu ya ofisi. Ilikuwa imeandika: Hakuna ujumbe. Haraka: hapana.

Kemunto aliirudisha simu mkobani. Hakuwasha gari mara moja. Alikuwa bosi wangu tangu mwanzoni mwa mwaka, na sikumbuki siku aliyowahi kuniambia zaidi ya "Sawa" kabla ya chai.

"Mitchel," akasema, "nyumbani kwenu hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo. Kisha nikaona hilo halitoshi, nikaanza na mama, na tulipofika Kakamega nilikuwa bado sijafika kwa shangazi yangu wa mguu.